Kifo Kifupi cha Mjomba Marsal

Jumatatu, 6 Mei. Baguio.

Leo imetimia miezi minne tangu tuondoke kijijini kwetu Letefoho, mimi na dada yangu Olandina, tukavuka bahari kuja kusoma. Mvua. Ukungu mpaka ndani ya soksi. Ukungu wa hapa unafanana kabisa na wa kwetu, ila haunuki kitu. Wa kwetu unanuka moshi na maganda ya kahawa. Asubuhi nimesimama nje nikaunusa sana, nikitumaini. Hakuna. Nimepiga chafya tu.

Tarehe 23 mama anatimiza mwaka tangu afariki. Siku hiyo ukoo mzima utakusanyika kuvua nyeusi. Mimi na Olandina bado tuna vitambaa vyeusi vilivyoshonwa begani mwa sweta zetu, na kwetu mtu hajivui mwenyewe. Huvuliwa na ndugu yake, watu wakiona, halafu ngoma mpaka kuche. Na kabla ya siku hiyo lazima kaburi liwe limejengwa. Sasa, mwashi wa ukoo ni nani? Mimi! Zeferino! Nimejenga makaburi ya watu nisiowajua mpaka kule Gleno. La mama yangu mzazi anajenga nani? Binamu yangu Bonifasiu. Mjomba Marsal ndiye aliyempa kazi. Bonifasiu hajawahi kumiliki timazi ya kunyooshea ukuta. Alijenga choo cha padri, padri akawa anaingia kwa ubavu.

Nimemwambia Olandina twende nyumbani. Amesema haiwezekani, mtihani wake ni tarehe 24, akiukosa, nafasi yake ya uuguzi anapewa mwingine. Amenijibu kwa Kiingereza! Tulikuwa wawili tu, jikoni! Humu chuoni tunakofundishwa Kiingereza kuna sheria: toka kifungua kinywa mpaka taa zizimwe, Kiingereza tupu, la sivyo jina lako linakwenda kwa kiranja. Dada yangu anaishika sheria hiyo kama amri ya Mungu. Hata akiungua na sufuria, anaungua kwa Kiingereza.

Yeye amefadhiliwa na kanisa. Mimi nimekuja kwa sababu mjomba alisema binti wa watu hasafiri peke yake, hata akiwa na miaka thelathini na minane. Chuo kikanipokea kwa masharti: asubuhi nachanganya zege na kuziba mifereji yao, mchana nasinzia katika darasa la chini kabisa. Shule niliiacha darasa la tano. Yenyewe haikunifuata kuniuliza.

Nimeamua. Tarehe 23 nitakuwa Letefoho, mwiko mkononi. Namna itapatikana.

Jumatano, 8 Mei.

Namna imepatikana! Sheria inasema mkaidi wa Kiingereza hufukuzwa na kurudishwa kwao kwa gharama ya chuo. Basi nitakuwa mkaidi. Leo toka asubuhi nimesema Kimambai, lugha ya kwetu, na kila mtu. Nimemsalimia Bibi Pasing, mpishi, kwa Kimambai. Amenipa yai la pili. Darasani nimemjibu Mwalimu Luz kwa Kimambai. Amefurahi, eti hatimaye nimefungua mdomo. Mwishowe nimekwenda kusimama mbele ya kiranja mwenyewe, Quyet, Mvietnam mwembamba mwenye utepe wa njano kifuani, nikamtukania ndizi zake za mchana, kwa Kimambai, taratibu, ili asikose hata neno moja.

Hakuandika jina. Amenishika mkono akanipeleka bafuni. Nikajua napigwa. Akafungua mabomba yote matatu mpaka mwisho, maji yakanguruma, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba na yeye kila Jumapili huja hapa kuzungumza Kivietnam. Maji yakiwa wazi hakuna anayesikia. Ongea, kaka, akasema, ongea mpaka uchoke, mimi nasimama mlangoni.

Adui gani huyu!

Nikabaki mbele ya bomba. Nikalisalimia, habari za asubuhi. Halikujibu. Nikaliuliza kama kahawa imeanza kuwa nyekundu. Nikaona haya. Nikanawa uso, nikatoka. Quyet akaniuliza kama nimepata nafuu. Nimemchukia zaidi.

Ijumaa, 10 Mei.

Bonifasiu ametuma picha. Safu nne za matofali, na ukuta umelala kama ng'ombe mgonjwa. Nimeinamisha simu kushoto, nikainamisha kulia, nione kama ni simu iliyopinda. Si simu.

Leo nimejaribu ukweli. Mara moja tu. Nimekwenda kwa Mwalimu Luz, maana ndiye anayeshughulika na ruhusa, nikamweleza: mama, mwaka, nyeusi, kaburi. Amenisikiliza vizuri, akaniletea biskuti. Kisha akasema ruhusa ya msiba, pamoja na nauli yake, ni kwa kifo kipya. Cha mwaka jana hakimo katika utaratibu. Nikamwambia mama yangu bado amekufa vilevile. Akasema ananielewa kabisa. Akaniongezea biskuti.

Kifo kipya.

Nimetafakari kutwa nzima ndani ya mfereji. Nani afe? Nilimpendelea Bonifasiu, lakini binamu hana uzito, ofisi haitashtuka. Shangazi Agustinya? Huyo anaumwa kweli, na mtu anayeumwa hachezewi. Mjomba Marsal! Amekula chumvi ya kutosha. Mzima kama mwamba, kwa hiyo haitamdhuru. Na kwetu simu haishiki mpaka upande mlima wa makaburi, na magoti yake hayapandi. Bonifasiu naye hapandi kujenga siku za mwisho wa juma, anajuana na kitanda. Tena mjomba ndiye aliyempa kazi huyo Bonifasiu. Afe kwa moyo, usingizini. Sitaki ateseke.

Jumamosi, 11 Mei.

Mjomba amefariki saa mbili asubuhi, ofisini kwa Mwalimu Luz.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Kwanza nimweleze Olandina kwamba ni hila, akasirike, amalize, ndipo niende ofisini. Lakini Olandina alikuwa maktaba, na maktaba mimi hawaniingizi na viatu vya saruji. Nikaona nianze na ofisi, yeye atajua baadaye. Mwalimu Luz akalia. Sikutegemea! Alilia mpaka na mimi yakanitoka, nikimlilia mtu ambaye saa hiyo bila shaka alikuwa akila muhogo. Nilipotoka kumtafuta Olandina, mwalimu alikuwa amenitangulia kwa njia ya mkato. Nikawakuta jikoni. Ameshamkumbatia. Ameshamwambia.

Olandina alikaa chini, sakafuni, akalia kwa Kimambai.

Sijui niandikeje. Miezi minne sikuwa nimemsikia. Sauti yake ya Kiingereza ni nyembamba, inatembea kwa vidole. Hii ilikuwa nzito, sauti ya mama akiita watu waje kula. Alimwuliza mjomba nani sasa atamkaripia. Akaniambia, njoo mdogo wangu, kaa hapa, umekonda, mbona umekonda hivi? Akanikumbusha siku mjomba alipombeba mgongoni kuvuka mto, anakwenda kuanza shule ya masista, viatu vipya kavishika mkononi. Mjomba akateleza, wakazama wote wawili, viatu vikabaki juu, vikavu. Nikamkumbusha bukta ya mjomba, ile iliyokwenda na maji. Tukacheka. Tukalia. Nilifungua mdomo niseme hakuna maiti, na kila nilipoufungua ukatoka na neno jingine: halafu ikawaje, dada?

Wali ukaungua. Tukaula hivyohivyo.

Amepiga simu nyumbani, haishiki. Jioni amekata kitambaa cheusi cha pili, akakishona chini ya kile cha mama. Kwetu nyeusi ikishashonwa imeshonwa. Nilimtazama akikata uzi kwa meno. Nitasema kesho.

Jumapili, 12 Mei.

Sikusema.

Watu wa hapa wakifiwa husali jioni tisa mfululizo, na kila jioni hula. Bibi Pasing amepika tambi sufuria nzima. Bweni lote limekuja, Wakorea, Wamongolia, Quyet na utepe wake. Meza, maua, mshumaa. Picha ya marehemu hatuna, kwa hiyo Olandina ameegemeza simu yake kwenye kopo la maua, na mjomba kwenye kioo, amemkumbatia jogoo wake wa kupigana. Nimeombwa niongoze sala ya pili. Nimeiongoza. Niliguswa sana.

Baada ya tambi Mwalimu Luz ametuita pembeni. Ruhusa imetoka! Nauli ni ya mtu mmoja kwa familia. Anakwenda mkubwa. Olandina anaondoka Jumatano.

Mkubwa! Kifo hiki kimeletwa na nani? Kazi yote nimefanya mimi!

Halafu nikauona ubaya wenyewe. Akiondoka Jumatano atakaa mpaka mwaka wa mama, hatakuwa amerudi tarehe 24. Mtihani basi. Uuguzi basi. Nikamwuliza, dada, na mtihani? Akasema kwa Kimambai, bila hata kupunguza sauti, kwamba mitihani ipo kila mwaka, mjomba alikuwa mmoja. Akaanza kukunja nguo. Nikasimama mlangoni. Nikaanza: dada, kuhusu mjomba... Akaniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya mama. Mkono una uzito uleule! Nikasema: mjomba alikupenda sana.

Mjinga mimi. Nitasema kesho alfajiri, kabla sijanywa kahawa.

Jumatatu, 13 Mei.

Nilikunywa kahawa.

Jioni ya pili ya sala. Watu wengi kuliko jana, habari za tambi zimeenea. Tulikuwa katikati. Bibi Pasing ameshika rozari, amefumba macho, anamwombea Marsal apokewe kwa amani. Ghafla mjomba akatetemeka juu ya meza. Akawaka. Akaanza kulia mlio wa simu. Picha ileile, jogoo yuleyule, na jina lake chini. Marehemu anapiga!

Mkorea mmoja alipanda juu ya kiti. Bibi Pasing alifumbua jicho moja. Olandina akaichukua simu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha moto.

Mjomba huongea na simu kama anamwita mtu wa ng'ambo ya bonde. Chumba chote kilimsikia.

"Mbona mnaimba? Kuna sherehe huko?"

Olandina akauliza, mjomba, ni wewe?

"Ni mimi, nani mwingine apande mlima huu na magoti haya? Nipe huyo fundi. Ukuta wa mama yenu unataka kulala chini, Bonifasiu sijui amechanganya mchanga na nini, na mate? Zefe yuko wapi?"

Zefe alikuwa chini ya meza. Nilikuwa nimeangusha kitu.

Olandina hakupiga kelele. Aliinama akanitazama, akanitazama tena. Kisha akasimama, akawageukia watu, na kwa Kiingereza kilichonyooka kama uzi wa mwashi akasema kwamba mjomba wetu anaendelea vizuri sana. Bibi Pasing akafanya ishara ya msalaba, akasema ni rozari yake, ilibarikiwa na askofu. Watu wakapiga makofi. Tambi zikaliwa mpaka sufuria ikang'aa.

Mwalimu Luz hakupiga makofi. Hakuleta biskuti. Ruhusa ya msiba kwangu imefungwa mpaka mwisho wa masomo, hata nikifa mwenyewe.

Ijumaa, 17 Mei.

Olandina hasemi na mimi. Si Kimambai, si Kiingereza. Nilidhani Kiingereza chake ndiyo adhabu. Kumbe kilikuwa chakula! Leo mezani nimemwomba chumvi kwa Kiingereza sahihi kabisa, kila neno mahali pake, na tafadhali mwishoni. Aliyenipa chumvi ni Quyet. Akasema nimesema vizuri.

Mjomba amepanda mlima tena. Amenitukana, akapumzika, akanitukana upya. Anasema jogoo wake wa kwenye picha amekufa Jumamosi ileile asubuhi, bila ugonjwa, na kwamba najua mwenyewe nilichofanya. Na kile kitambaa cha pili cha Olandina hakitoki hivihivi. Nyeusi iliyoshonwa kwa ajili ya mtu aliye hai inataka nguruwe, na nguruwe ni wangu. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, ameuliza: saruji ndoo moja, mchanga ndoo ngapi?

Nikamwambia. Nikamwambia wabomoe safu mbili za juu na Bonifasiu atumie timazi. Akasema Bonifasiu yuko hapahapa, anasikia. Bonifasiu akadakia: "Timazi ndiyo ile ya kamba, kaka?"

Nilikaa kitako ndani ya mfereji. Ndiyo, nikasema, ile ya kamba. Funga jiwe. Lining'inize. Usilishike! Subiri litulie lenyewe. Nilikuwa nimefumba macho, nikaona mkono wangu unafanya, nikaona mpaka nyasi za pale mlimani zilivyolala na upepo.

Nilipofumbua, mkono ulikuwa huku, unaziba mfereji wa watu.

Alhamisi, 23 Mei.

Siku yenyewe. Ukungu. Nimechanganya zege toka asubuhi huku nikiwafuata kichwani: sasa wanachinja, sasa padri amefika, sasa wanampelekea mama maua. Sikuwa na hila hata moja. Kichwa kitupu kama ndoo.

Mchana, saa za Kiingereza, Olandina akatokea mferejini. Viatu vyake vya darasani ndani ya tope. Mkono mmoja simu, mkono mwingine mkasi wa Bibi Pasing wa kukatia samaki. Nilirudi nyuma hatua moja, nakiri. Hakuniangalia. Aliegemeza simu kwenye mfuko wa saruji, na ukoo wote ulikuwa humo! Wamepanda mlima, wamebanana kwenye kioo kidogo, sikio la huyu, pua ya yule. Mjomba Marsal mbele yao.

"Haya, hao hapo. Nyamazeni nyie. Zefe, vua kofia. Simama kama mtu."

Olandina akanishika bega. Akasema kwa Kimambai, kwa sauti yote, mchana kweupe, mbele ya bweni: mama, huyu mwanao mwongo namvua nyeusi yako. Mwaka umetimia. Pumzika.

Uzi ukakatika. Bega likawa jepesi mpaka nikalishika.

Halafu zamu yangu. Mikono ina saruji, mkasi unateleza, na kuna maneno ya kusema, nilikuwa nimeyapanga tangu Januari. Nilisema: mama, huyu ni dada. Basi. Mengine hayakuja. Nikakata.

Hapo nikamwona Quyet na utepe wake wa njano. Amesikia yote. Kisha akaenda kwenye bomba la bustani, akalifungua mpaka mwisho, maji yakanguruma juu ya mawe, akatugeuzia mgongo, akatazama maua.

Kitambaa cha pili kilikuwa bado. Nikakielekezea mkasi. Mjomba akapiga kelele: "Acha! Hicho changu! Nimeliliwa na mataifa mazima, halafu mnivue bure? Nguruwe kwanza!" Mlima wote ukacheka. Olandina naye akacheka. Alicheka kwa Kimambai.

Wakatuonyesha kaburi. Marumaru za bluu zenye maua, na kila ua lipo kichwa chini, mizizi juu. Ukuta umeinama kushoto, kidogo tu. Nikasubiri hasira ije. Mama naye alitembea ameinama kushoto, kwa ajili ya kikapu cha kahawa. Bonifasiu akauliza imekaaje, kaka. Nikasema imekaa.

Usiku Olandina amenipakulia wali. Amesema kwa Kiingereza nile polepole. Nimekula polepole.

Jumamosi, 25 Mei.

Olandina alifanya mtihani jana. Anasema umekwenda vizuri. Kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya kutembea kwa vidole. Kwenye sweta yangu, palipokuwa na kitambaa, rangi haijapauka. Pamebaki mraba. Darasani nimekuwa nikiupapasa, mwalimu akadhani naomba kujibu.

Nimeitazama tena picha ya kaburi. Imekaa, ndiyo. Lakini mvua za Novemba je? Na yale maua kichwa chini, mama ayatazame hivyo miaka yote? Siku chache za mwiko wangu zingetosha. Ningekaa pale juu, ningenusa moshi, ningebomoa taratibu.

Na nimegundua nilikosea wapi. Nilikosea kuchagua kifo! Kifo kinaliza watu, na watu wakilia wanakuja na mishumaa na maswali. Furaha haina maswali. Tena Mwalimu Luz alifunga ruhusa ya msiba. Harusi hakuitaja.

Leo asubuhi nimepita ofisini. Nimemweleza, kwa siri, kwamba kiranja Quyet amemposa dada yangu, na kwamba kwetu nyati wa mahari lazima wapokewe na ndugu wa kiume, nyumbani, mwenyewe, kwa mkono wake. Wa kiume! Safari hii hawanipigi chenga na habari za mkubwa. Mwanzoni alinitazama kwa shaka. Nikamweleza habari ya bomba la bustani. Shaka ikamtoka. Akalia. Akaleta biskuti! Akasema alikuwa akihisi muda mrefu, na kwamba bweni litachanga nauli.

Quyet mwenyewe hajui bado. Nimemwona koridoni, Wamongolia wawili wanampa mkono, naye ameshika utepe wake, anashukuru. Olandina nitamweleza vizuri, kwa utaratibu, akasirike, amalize. Sasa hivi yuko maktaba.

Mwalimu Luz amepita njia ya mkato.

Jikoni kunanukia tambi. Sina wasiwasi. Nimemtumia Bonifasiu ujumbe asiguse kitu tena, aupake mwiko wangu mafuta usishike kutu, na wanipikie makande ya maboga, pilipili kwa wingi. Nafika wiki ya kwanza ya Julai, kahawa ikianza kuwa nyekundu.